Jiwe la Fundi wa Mijeledi

Kila asubuhi, kwa miaka mitano, jirani yangu aliangusha jiwe, na sababu ya kuliangusha niliijua mimi peke yangu.

Lilikuwa jiwe la tumbawe, kubwa kama nazi iliyofuliwa, lenye tundu katikati. Alilifunga kwa uzi, akautundika uzi kwenye kigingi cha ukuta wa baraza yake, kisha akaliachia. Uzi ukikatika, jiwe lilianguka chini, puu! Halafu kimya kidogo, huku akifunga uzi mwingine. Nyumba yake na yangu pale Mwabungo zilitengwa na ua wa makuti tu, kwa hiyo sauti ile ilinikuta ninafagia, ninawasha moto, ninachambua mchele. Kila ilipolia mkono wangu ulisimama.

Sasa tumemzika. Wiki iliyopita, kisimani, nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenziwe, "Yule ndiye aliyemuua dresa kwa mjeledi wake." Nilitua ndoo yangu nikataka kusema, nikashindwa kwa mara nyingine. Nilisoma madarasa manne tu, lakini kuandika naweza. Basi nitamweleza kama nilivyomjua, kisha nitasema la kwangu.

Sote tulimwita Fundi. Kazi yake ilikuwa kusuka mijeledi ya pikipiki. Mtu wa leo atauliza mjeledi wa pikipiki ni wa kumpigia nani. Haukuwa wa kumpigia yeyote. Ulikuwa pambo. Ulifungwa kwenye mkono wa usukani, karibu na klachi, ukaning'inia, na mwenye pikipiki akiondoka ulipeperuka ubavuni kama mkia wa farasi. Miaka ile ya hamsini pikipiki zilikuwa chache kutoka Likoni hadi Msambweni, na kila mwenye nayo alitaka yake ijulikane kabla haijafika.

Kamba alikuja nazo kutoka vita vya Mjapani, huko Bama, gunia zima. Zilikuwa kamba za miavuli ya kuangushia mizigo kutoka kwenye ndege, nyeupe, laini, nyembamba kuliko kidole cha mtoto. Ukikata moja ulikuta ni ala tu, na ndani yake zimelala nyuzi saba. Fundi alizivuta zile nyuzi za ndani ili ala ilale bapa na mfumo uonekane vizuri, na nyuzi zenyewe alinipa mimi. "Shonea mikeka yako, jirani," alisema. "Utakufa wewe, zenyewe zitabaki." Ilikuwa kweli. Nina mkeka nilioshonea nyuzi zile ambao umeshabadilishwa miyaa yake ya ukindu mara mbili.

Mimi ni msuka mikeka, na mambo mawili Fundi aliyapata kwangu. La kwanza ni rangi. Alijaribu kuchovya kamba zake katika rangi baridi zikatoka na madoadoa, akaja uani kwangu amezibeba kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa. Nikamwonyesha tunavyochemsha miyaa. Kamba zile zilikuwa na kiburi, zilitaka kuchemka mara tatu zaidi, lakini zilipokubali zilikuwa nyekundu kweli. La pili ni mifumo. Alikaa kitako akatazama mikono yangu, kisha akaenda kusuka kwa kamba kile ninachosuka kwa ukili. Njia ya mchwa, jicho la kuku, vyote alivifanya mviringo, nyuzi nane, kumi na mbili, bila kuangalia chini.

Kwa hilo alichekwa sana. Kwetu mwanamume hushona nyavu, hupiga makuti, lakini ukili ni kazi ya wanawake. Shoga yangu mmoja alikuwa akipita anamwita kwa sauti, "Fundi, leo umejifunga kanga gani?"

Naye, bila kuinua kichwa: "Ile yako ya maua. Mumeo ameniazima."

Shoga yangu alicheka mpaka akaketi.

Lakini hakuwa mtu wa furaha. Alikuwa mtu wa wasiwasi, na wasiwasi wake wote ulikuwa juu ya pikipiki. Alizipamba, hakuzipanda. Akisikia mashine barabarani aliacha kazi akasikiliza mpaka ipotee, na kama sauti ilikatika ghafla alisimama. Ukunda alikwenda kwa miguu, na kurudi kwa miguu. Ndugu yangu Hamisi alimwambia siku moja, "Panda, Fundi, nikufikishe. Utafika kabla tambuu haijaisha mdomoni."

"Nina miguu miwili, mwanangu," alijibu, "na yote inanisikia."

Vita hakuvizungumzia. Mara moja tu, tulipokuwa tunachemsha rangi, alisema, "Nilimwona mtu akivutwa na kamba. Kamba ilikataa kukatika." Nikangoja aendelee. Akachochea moto.

Hakusuka mjeledi bila kumketisha mwenyewe kwenye pikipiki yake. Alipima kwa shubiri kutoka kwenye klachi kushuka, na kipimo chake hakikubadilika: shubiri tatu kasoro nyanda mbili, yaani upana wa vidole viwili. Zaidi ya hapo, alisema, mkia unaweza kulifikia gurudumu. Karani wa shamba moja la miwa alikuja akitaka wa kufagia barabara. Alikuwa kijana mtanashati, soksi zimevutwa hadi magotini.

"Shubiri tatu kasoro nyanda mbili," Fundi akasema.

"Fundi, mwenye mjeledi ni mimi au wewe?"

"Mwenye mjeledi ni wewe. Mimi ni wa kualikwa hitimani."

Karani aliondoka kwa hasira, akarudi baada ya mwezi, akachukua ule mfupi.

Na bado mtu huyu aliyeogopea roho za wenzake alikuwa akitia mafuta katika taa huku sigara inawaka mdomoni. Alipima kamba kwa wanda lakini chumvi aliimimina, hata binti yake Mwanakombo, aliyekaa naye tangu mama yake afariki, akawa anaficha kibuyu cha chumvi chini ya kitanda. Paa lake lilivuja miaka miwili. Ukimwambia, alisema anajua linapovuja, kwa hiyo si tatizo. Alikuwa na subira ya kufumua mjeledi mzima kwa ajili ya fundo moja, na hakuwa na subira ya kungoja chai ipoe.

Alikuwa na siri moja katika kazi yake. Kila kitu kingine alikieleza hata kwa asiyeuliza, lakini hiyo hakumwambia mtu. Mjeledi wote ulikuwa wa kamba zisizokatika, ila pale ulipofungwa kwenye klachi aliufunga kwa uzi wa pamba, uzi wa dukani wa kushonea vifungo, mizunguko miwili tu, na juu yake akavisha shada dogo la kuuficha. Mimi niliyemtazama miaka yote sikuwahi kuuona.

Sasa nimwingize ndugu yangu. Hamisi alikuwa kitinda mimba wetu. Mama alipofariki alikuwa hajaota meno, nikamlea mgongoni, hata wengine walidhani ni mwanangu. Alisoma, akawa dresa, msaidizi wa daktari, akapewa pikipiki ya kupelekea dawa vijijini upande wa Msambweni. Mjeledi wake Fundi aliusuka kwa nyekundu na nyeusi, njia ya mchwa, na alichukua siku nyingi kuliko kawaida. Ulikuwa mzuri. Watoto wa Munje walikuwa wakiuona kwa mbali wanakimbia kuficha mikono yao wasichomwe sindano.

Asubuhi moja ya masika Hamisi alipita kwangu kunywa chai. Alipokuwa anaondoka aliniita nje.

"Dada, tazama. Mjeledi wa Fundi unataka kung'oka."

Lile shada dogo lilikuwa limesogea, na nikaona uzi wa pamba, mzunguko mmoja umeshakatika, wa pili umelika.

"Ngoja Fundi arudi," nikasema. "Amekwenda Ukunda."

"Wagonjwa hawangoji. Nishonee wewe. Ukidondoka njiani Fundi hatanisemesha mwaka mzima."

Niliutazama uzi ule nikamwonea Fundi haya. Mtu anayejua kusuka vile, amefunga kazi yake kwa uzi wa vifungo. Kwetu sisi wasuka mikeka, mshono ukiachia, jina la mwanamke huachia pamoja nao. Mkeka ukifumuka chini ya mgeni, hawaulizi mgeni ana uzito gani, wanauliza nani aliushona. Nilichukua shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, nikatia uzi wa ndani ya kamba, ule alionipa Fundi mwenyewe. Nikapitisha mara moja, mara mbili, mpaka mara saba. Nikafunga fundo, nikaukata uzi kwa meno.

Hamisi akauvuta kwa mikono miwili. "Sasa hata punda hang'oi," akasema. Akaniaga akaondoka upande wa Munje, na mjeledi ukapeperuka. Nilifurahi kuutazama.

Fundi alirudi mchana. Akaketi barazani na mjeledi mwingine uliokaribia kwisha, akatoa kigurudumu kipya cha uzi wa pamba, akaanza kufunga. Nilikuwa nimepeleka ukili wangu hapo, na kwa kuwa sasa nilijua pa kutazama, niliona.

"Fundi," nikamwambia, nusu mzaha, "kamba ya vita unaifunga kwa uzi wa vifungo? Si aibu hiyo?"

Alitazama barabarani kwanza, kisha akanitazama. "Umeuona?"

"Nimeuona."

"Basi usimwambie mtu. Hawa vijana wakijua, kesho wataufunga kwa waya." Akauinua mjeledi. "Kipimo changu ni kizuri, lakini barabara haina kipimo. Kamba ikilowa inarefuka. Pikipiki ikizama shimoni gurudumu linapanda kuifuata. Likishaidaka, mwanamke wee, kamba hii haikatiki. Itavuta klachi, itavuta usukani, itamvuta mtu. Ndiyo maana pana uzi. Uzi ukatike, pambo lipotee, mtu afike kwao."

Nilitaka kusema. Nikaona uso wake utakavyokuwa, nikalimeza neno.

"Mbona umenyamaza?" akauliza.

"Ninasikiliza kama Hamisi anarudi."

Na hilo halikuwa uongo. Nilisikiliza adhuhuri yote. Kila mashine iliyopita niliipima kwa sikio: lori, lori, gari ndogo, lori. Nilikwenda barabarani nikarudi, nikasahau miyaa kwenye maji ya moto mpaka ikalegea ikawa haifai. Nikajiambia Hamisi ni mwangalifu. Nikajiambia mvua si kubwa. Nikajiambia Fundi ni mtu wa wasiwasi tu. Kama ningemwambia saa ile, pengine angesimamisha lori akamfuata. Pengine Hamisi alikuwa ameshaanguka. Sijui. Sijapata kujua, na neno pengine nimelitafuna miaka yote hii bila kulimaliza.

Alasiri lori lilisimama. Utingo akateremka, akauliza wanawake waliokuwa kando ya njia, "Dada yake dresa ni nani?" Nao wakanigeukia.

Alikuwa ameangukia penye shimo, kabla ya kufika Munje. Mjeledi ulikuwa umejiviringisha kwenye gurudumu la mbele, na waliomwinua walilazimika kuukata kwa panga. Alifariki siku ya pili, mkono wake katika mkono wangu, bila fahamu kumrudia.

Tulipokuwa tunarudi na maiti, gari lilipunguza mwendo mahali pale, wanaume wakateremka kutazama. Nami niliteremka. Katika majani nilikiona kipande cha juu cha mjeledi, kimekatwa kwa panga na kuchomoka kwenye klachi iliyovunjika, na mishono yangu saba iko palepale, hakuna hata mmoja uliosogea. Nilikitia ndani ya leso yangu. Hakuna aliyeniona. Sikukichukua kwa ukumbusho. Nilikichukua ili Fundi asikione.

Mazikoni Fundi alisimama nyuma ya watu wote. Yaliyosemwa juu ya mjeledi wake aliyasikia. Siku ya tatu alikuja kwangu, akaketi kwenye kizingiti, kofia mkononi.

"Uzi ulikuwa mpya," alisema. "Ule wa Hamisi nilifungulia kigurudumu kipya. Kile cha zamani nilikijua, hicho sikukipima. Ulikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani."

Nikasema, "Ni kazi ya Mungu, Fundi."

Ni kweli, kila kitu ni kazi ya Mungu. Lakini mimi nililitumia jina Lake kufunikia kazi yangu, na nilijua ninachofanya.

Hakusuka tena. Alikwenda kwa miguu kwa kila mwenye mjeledi wake, mpaka Msambweni, akiomba aukate. Wengine walimpa, wengine walimfukuza. Karani wa soksi alimpa wake, akataka kumrudisha kwa pikipiki, Fundi akakataa. Ile aliyorudishiwa aliichoma nyuma ya nyumba, na moshi wake mchungu ukaja kwangu.

Ndipo akaanza lile jiwe. Alinunua uzi wa kila duka, akaufunga, akaliachia. Ulikatika. Akafunga tena. Ulikatika. Kila asubuhi uzi ulimwambia kwamba hana kosa, naye hakuusadiki. Alikuwa anautafuta ule mmoja usiokatika, uliomuua Hamisi, na uzi ule ulikuwa katika sanduku langu, chini ya nguo za Idi. Watu walisema akili imemruka. Nilimpelekea mihogo, nikamsaidia Mwanakombo kuezeka paa. Nilifanya yote isipokuwa lile moja.

Macho yake yaliingia mtoto wa jicho. Mikono, ile isiyohitaji kutazamwa, ikaanza kutetemeka. Siku moja baada ya alasiri Mwanakombo alisimama kwenye ua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hajambo baba?"

"Hajambo kidogo. Anakuomba. Leo ameshindwa kupitisha uzi kwenye tundu la jiwe, na mimi anasema sijui kufunga. Anasema ukafunge wewe, mikono yako anaiamini."

Niliingia ndani. Nilikaa juu ya sanduku kwa muda, kisha nikasimama, nikalifungua.

Alikuwa barazani, jiwe mapajani. "Umekuja," alisema. "Uzi huo hapo. Mizunguko miwili, usizidishe."

Nikaketi chini mbele yake, nikakitia kile kipande katika viganja vyake. Alikigeuza. Dole gumba lake likapita juu ya mfumo, na nikaona kwamba amekitambua, maana alikiinua karibu na macho yake. Kisha dole likafika juu, penye mshono. Likasimama.

"Huu ni uzi wa ndani," akasema.

"Ndiyo."

"Huu nilikupa wewe."

"Ndiyo, Fundi."

Akaanza kuhesabu kwa ukucha. Moja. Mbili. Hakuharakisha. Alipofika saba alirudi mwanzo akahesabu tena.

"Lini?"

"Asubuhi ileile. Wako ulikuwa umelika, akaniomba nimshonee. Sikujua. Ulinieleza mchana."

"Nilikueleza mchana," akarudia.

Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni, amesahau mwiko mkononi. Nilimwomba Fundi anisamehe. Aliendelea kukigeuza kile kipande.

"Ilinipasa kukwambia mapema," alisema baadaye, polepole, kama anayejisemea. "Wewe huwezi kuona mshono mbovu ukauacha. Hilo nililijua." Kisha akageuza uso wake kwangu, macho meupe. "Wangu ulikuwa umelika, umesema?"

"Mzunguko mmoja ulikuwa umeshakatika. Wa pili ulibaki nyuzi mbili tatu."

"Kwa hiyo ungekatika."

"Ungekatika, Fundi."

Akaliondoa jiwe mapajani, akaliweka kando ya mguu wake, chini. Akasema, "Nenda nyumbani, Mwanasiti. Nenda."

Kile kipande hakunirudishia.

Asubuhi yake niliamka nikafagia uwanja. Nikamaliza, nikafagia tena. Jua likapanda juu ya ua wa makuti na jiwe halikuanguka. Nikasimama na fagio. Nikafikiri, nimemuua na huyu. Nilipita kwenye ua bila kubisha hodi, nikamkuta Mwanakombo jikoni anapuliza moto.

"Baba yuko wapi?"

Akanionyesha kwa kichwa. "Amelala, shangazi. Hata mimi niliogopa, nimekwenda kumgusa mara mbili." Akashusha sauti. "Tangu nipate akili sijamwona amelala mpaka saa hizi."

Niliketi kwenye kizingiti chake. Ndani, nyuma ya pazia, Fundi alikuwa anakoroma. Chai ilipoiva Mwanakombo aliimimina kikombeni, akaifunika, akaiacha ipoe.